Mkono Nilioufuta

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyoshuka kutoka kwetu Mamba, kule milimani, na suruali mpya kwenda kumposa mama yako. Nakusimulia kwa sababu kesho unakwenda kuposa Bukoba, na tangu juzi nakusikia ukiwaza viatu tu.

Mama yako alikuwa akiuza maziwa gulioni Same, nami nilikuwa nikipeleka tangawizi. Mazungumzo yetu yalianzia hapo, na mengine hayakuhusu. Mjomba wangu ndiye aliyenisindikiza nyikani kwa baba wa mama yako, yaani babu yako Mmasai.

Tulipofika bomani, babu yako alinyanyuka, akajitemea mate kidogo kiganjani, akanipa mkono. Niliupokea vizuri. Kisha, yeye na mkewe wakiniangalia, nikaufuta mkono wangu kwenye suruali. Sikufikiri. Mkono ulifanya ulivyofundishwa na mama yangu, ambaye kwake mate yalikuwa uchafu au tusi, hakuna la tatu.

Mzee hakukunja uso. Tulipewa maziwa, akazungumza na mjomba habari za mvua na malisho. Mjomba alipoanza kuligusia lililotuleta, mzee akasema, “Njia yenu ni ya kupanda. Ondokeni kabla jua halijawa kali.” Jua lilikuwa kali tangu asubuhi.

Mjomba alitangulia bila kugeuka mpaka tulipoanza kupanda mlima.

“Umeifuta baraka ya mtu, naye anakutazama,” akasema.

“Lakini ni mate, mjomba.”

“Na wewe ukinipa kitu kwa mkono wa kushoto nikakasirika, utaniambia ni mkono tu?”

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, maana vijana wa kwao waliomtaka mama yako hawakuwa wachache, na hakuna hata mmoja ambaye angefuta mkono. Ilibaki kidogo usizaliwe.

Majuto ni mjukuu, lakini mimi sikungoja awe mkubwa. Wiki ya pili nilirudi peke yangu. Nilimkuta mzee akitazama ndama zizini. Nikainamisha kichwa kama nilivyoona vijana wa kwao wakifanya, naye akaniwekea mkono utosini.

“Baba, nilikosa,” nikamwambia. “Sikujua.”

Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba yeye, alipokuwa morani, alipanda milimani kwetu kutafuta ng'ombe aliyepotea, na mama mmoja wa Kipare akampakulia makande, akakaa mbele yake amwone akila. Kwao morani hali chakula mbele ya wanawake, basi akaacha sahani vilevile. Yule mama akaona amedharauliwa, akawamwagia kuku makande yote, na mgeni akashuka mlima na njaa yake.

“Hakuniuliza, nami sikumweleza,” akasema. “Tukachukiana bure.”

Kisha akajitemea tena kiganjani, akanipa mkono. Nilipanda hadi Mamba nimeukunja ule mkono, sikugusa nao kitu. Mjomba alipouona akaanza kutafuta siku ya kurudi kuposa.

Sasa sikia. Huko uendako, nasikia mgeni hupewa punje za kahawa kavu atafune. Ukipewa, tafuna, hata kama hapa nyumbani hunywi kahawa. Ukiona jambo geni, usilikunjie uso. Uliza taratibu, maana kuuliza si ujinga. Na ukikosea, kwa sababu utakosea tu, usijitetee kama nilivyojitetea mimi kwa mjomba. Rudi ukaseme, “Nilikosa, sikujua.” Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonipa mke. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Sikwambii uyatupe ya kwetu. Jicho lililofumbwa utalifumbua ukirudi. Na siku atakapofika mtu kwako akaacha chakula chako, mwulize kwanza kwao hufanywaje, kuku wangoje.

Haya, lete mkono. Ninajitemea kiganjani kama babu yako alivyofanya. Nenda salama, upokelewe vyema, mlango wako usikose mgeni, na mgeni wako asiondoke na njaa.

Usifute.