Reli ya Migori Iliyopita Chini ya Kitanda

Shilingi elfu kumi na tisa na mia nne. Hiyo ndiyo gharama ya reli kutoka Migori kupitia Rongo hadi gatini Homa Bay, kisha kuendelea mpaka Kisegi, pamoja na treni yenyewe, stesheni, vilima, mashamba ya miwa na betri ya kuiendesha. Nimeijumlisha mara mbili, na mara zote mbili imetoka vilevile. Kama kuna mtu mwingine nchini aliyewahi kujenga reli kwa bei hiyo, basi amejificha. Huyu wetu hakujificha. Aliijenga juu ya meza fupi, nyuma ya duka lake la vipuri, kwa treni ndogo ya Kijapani ambayo behewa lake halizidi kidole cha mtu mzima. Alifariki mwezi uliopita katika hospitali ya Homa Bay, nasi tumeshamzika. Soko la Migori, ambalo halijawahi kusikia honi ya treni ya kweli, lilikuwa likimwita Stesheni, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya kubishana. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba nilizaliwa nyuma ya duka la vitambaa hapa Migori na kwamba nilijua kupunguza bei kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika Mombasa, Stesheni aliniomba nimsindikize kuchukua gari dogo la mizigo alilolinunua. Tulipoinua kiti cha nyuma tukakuta sanduku la karatasi ngumu, na ndani yake, kila kipande kikiwa kimelala kwenye shimo lake kama yai, treni ya rangi ya fedha yenye mabehewa manne na reli za kuizungusha. Nadhani mtoto fulani huko Japani aliisahau pale, au alikua. Wakala aliyetuuzia gari alipoona macho ya Stesheni yamebadilika, akataka aongezewe pesa.

"Kilichomo ndani ya gari ni cha gari," Stesheni akamwambia.

"Kwa hiyo na kunguni akiwemo ni wako?"

"Ni wangu, na nitamlisha."

Nikaingia kati kama kawaida yangu, tukaishia mia tatu na soda mbili, na soda moja nikainywa mimi. Njia nzima ya kurudi Stesheni alishika sanduku mapajani kama mtu anayepeleka keki harusini. Tulipofika Migori akachomeka ukutani transfoma ya treni ile bila kungoja hata chai. Umeme wa Japani, tulikuja kuelewa baadaye, ni mpole kuliko wetu. Transfoma ilitoa moshi mmoja mwembamba, ikanyamaza. Mtu mwingine angelia. Yeye aliigeuza injini tumbo juu, akaisoma, akaona namba kumi na mbili, akacheka. Volti kumi na mbili ni chakula cha kila siku katika duka la vipuri. Akaleta betri ya gari, akang'oa swichi ya feni kwenye dashibodi ya gari bovu ili apate mwendo wa polepole na wa haraka, na jioni hiyo treni ikazunguka kati ya madumu ya oili, bila haraka, kama kitu kilichokuwa kikija huku tangu zamani ila hakuna aliyekuwa amekitandikia njia.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza, nami nasema ugonjwa kwa upendo. Aliagiza plaiwudi, akachora njia ambayo haipo. Treni ya fedha ikapakwa rangi ya kucha ya akina mama, ile ya rangi ya damu ya mzee, tabaka kwa tabaka, kwa brashi ya nywele tatu. Behewa la mwisho aling'oa viti vyake, likawa la mizigo, na juu ya paa akagandisha shanga zilizofungwa kitambaa kuwa magunia, na kuku mmoja wa nta. Miwa ya Awendo ilikuwa nyuzi za ufagio. Vilima vilikuwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo, na hilo lilikuwa kosa, kwa maana panya walikila kilima cha Asego chote kwa juma moja, wakaacha mji wa Homa Bay ukiwa tambarare. Akakijenga upya kwa vumbi la mbao na gundi ya seremala, akitia pilipili. Jengo la stesheni la plastiki, lililokuwamo sandukuni, aliliacha na kibao chake chenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeyasoma. Nilipomuuliza, akasema abiria wa huku wamezoea vibao visivyowaambia kitu.

Reli za sandukuni hazikutosha hata kufika Rongo. Zilizobaki zililetwa na mwalimu wa Kijapani wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha hesabu upande wa Homa Bay. Alikuja kununua plagi ya pikipiki, akasikia mlio, akachungulia, akaketi juu ya tairi akacheka mpaka akafuta miwani. Akasema amepanda treni kama ile kwenda shule miaka yote, lakini hakuwahi kuiona ikiwa na kuku juu. "Ilikuwa ya kwenu," Stesheni akamwambia. "Sasa ni ya Migori." Yule kijana alipokwenda likizo alirudi na reli mfuko mzima, na nikaitwa kupatana bei. Sijapata kukutana na mtu mgumu kama yule. Kila nikitaja bei ya chini, anakubali. Nikaishia kuipandisha mwenyewe kwa aibu.

Watu wakaanza kuja kuona. Mama mmoja muuza samaki, aliyetua beseni lake mlangoni, aliinama juu ya meza kwa muda mrefu sana, kisha akaweka kidole.

"Stesheni, hii reli yako imepita kwa mihogo yangu."

"Mama, hii ni meza."

"Naona ni meza. Lakini hapo si ni Rongo? Na huo si ni mto? Basi baada ya mto ni kwangu. Fidia iko wapi?"

Stesheni hakucheka. Alichukua bisibisi, akalegeza reli, akaisogeza upana wa kidole, akakaza tena. Mama akaiangalia, akabeba beseni lake. Huyo ndiye mwenye shamba pekee niliyepata kumwona akiondoka ameridhika katika mambo ya barabara, reli au bomba la maji.

Lakini kidole kilichoumiza hakikuwa cha mama wa samaki. Lazima niwaeleze wasomaji wa mbali kwamba kwa Wajaluo mwanamume hatoki tu katika boma la baba yake akajenga lake, lile waliitalo dala. Anayetangulia kutoka ni kaka mkubwa. Mdogo anangoja. Stesheni alikuwa na kaka mmoja, mvuvi, aliyekuwa akiishi katika kibanda cha kupanga kisiwani Takawiri, na huyo kaka hakuwa amejenga. Mwaka huu samaki, mwaka ule nyavu, mwaka mwingine injini ya mashua. Kwa hiyo Stesheni, mwenye duka, mke na mvi, alikuwa akilala chumba cha kupanga nyuma ya vipuri, ukuta mmoja tu kutoka kwenye meza yake. Hakulalamika. Ila juu ya meza, pale mwisho kabisa baada ya gati, mahali ambapo Kisegi, kijijini kwao, iliangukia ukingoni, alikuwa amejenga dala. Ua wa vijiti vya kiberiti, lango, nyumba ya bati iliyokatwa kwenye mkebe wa siagi ya blubendi, na mbele ya mlango kiti ambacho ungehitaji miwani kukiona.

Siku kaka alipokuja Migori kutafuta kipuri cha injini ya mashua, nilikuwepo. Alifurahia treni kama kila mtu. Akaifuata kwa macho kutoka Migori, Awendo, Rongo, mpaka gatini, akataja hata jina la meli iliyokuwa ikitia nanga pale alipokuwa kijana. Kisha treni ikafika Kisegi, naye akainama.

"Hii dala ni ya nani?"

"Yangu, owadwa." Ndivyo wanavyoitana ndugu.

"Na yangu iko wapi?"

"Meza imeisha, owadwa."

"Meza imeisha kwangu, kwako ikatosha?"

"Lakini ni mkebe na karatasi tu."

"Hata cheti cha shamba ni karatasi," kaka akasema, akavaa kofia yake.

Stesheni alichukua kisu chembamba, akakipitisha chini ya ule ua taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, akaling'oa dala lake lote. Pakabaki doa la gundi. Akasema, "Kaa hapa, nionyeshe unataka lango litazame wapi." Kaka akasimama kidogo na kofia yake kichwani. Kisha akaivua. Walikata bati pamoja mpaka jua likaegemea magharibi, wakigombana kuhusu ukubwa wa madirisha, na jioni kulikuwa na dala pale Kisegi, la kaka mkubwa, nafasi ikiwa imekwisha kabisa.

Sitadai kwamba mkebe wa blubendi ulimtoa mtu Takawiri. Ninachosema ni kwamba kabla ya mvua zilizofuata kaka alikuwa amekata miti ya kujengea, na baada ya mavuno akaja dukani amevaa koti, akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani, "Omera, ndugu yangu, nimetoka. Lango langu linatazama ziwa. Zamu yako." Stesheni alimkumbatia kwa mikono yake yenye grisi, koti likaharibika, hakuna aliyejali.

Kabla ya nyumba ya kweli, hata hivyo, ilibidi meza iongezwe, na meza ilikuwa imeshafika ukutani. Kwa hiyo akatoboa ukuta. Upande wa pili wa ukuta ndipo kilipokuwa kitanda. Mwenye nyumba alipokuja akaliona tundu, akauliza ni la nini.

"Handaki," Stesheni akamjibu.

"Na kodi ya handaki ni ngapi?"

Nikaitwa. Tukakubaliana kwamba siku wakihama, ukuta utazibwa. Ndivyo Kisegi ilivyokuja kulala chini ya kitanda cha Stesheni. Mkewe, ambaye mimi humwita shemeji, alilalamika siku mbili kisha akakiinua kitanda kwa matofali ili treni ipite bila kugonga. Dala la kaka likahamishiwa huko, na kushoto kwake, nyuma kidogo kama mila inavyotaka, Stesheni akajenga lake upya. Aliumwa kabla hajakata mti hata mmoja wa ile nyumba ya kweli. Shemeji ananiambia kwamba mchana Stesheni alikuwa akilala ubavu, sikio godoroni, swichi ya feni mkononi, akiisikiliza treni ikitoka Migori. Unasikia mlio mdogo ukija dukani, unapungua kwenye ukuta, halafu unatokea chini yako. "Imefika," alikuwa akisema, na kufumba macho. Miaka yote ile ya kungoja, na mwisho wake alikuwa akilala juu kabisa ya nyumba yake.

Huwa nafikiri nchi hii ina watu wengi wa namna hiyo, wanaongoja mkubwa fulani ajenge kwanza. Tunangoja barabara, tunangoja meli irudi gatini, tunangoja aliye mbele atoke ili nasi tutoke. Nilizoea kuwacheka. Kwangu mimi kungoja ni pesa inayolala. Lakini Stesheni alinifundisha kwamba kuna kungoja kwa mikono mitupu, na kuna kungoja huku unatandika reli. Alingoja kwa kazi, kwa rangi ya kucha na vumbi la mbao, na alipoambiwa amekosea alisogeza reli yake upana wa kidole bila kuvunja chochote. Aliheshimu zamu ya kaka yake kiasi kwamba kaka akaona haya kuendelea kuchelewa. Hilo sijawahi kuliona likinunuliwa sokoni, na sijui ningelianzia bei gani.

Sasa nipo hapa dukani kwake. Kwa kuwa mwanamume kwao hazikwi pasipo nyumba, ndugu walimjengea ya haraka kule Kisegi kabla ya mazishi, udongo wake ukiwa bado mbichi tulipokuwa tukiimba. Shemeji anabaki dukani, lakini chumba cha kulala anakirudisha, na mwenye nyumba anataka ukuta wake uzibwe mwisho wa mwezi. Kaka mkubwa amekuja anataka kile kipande cha chini ya kitanda. "Ile nyumba yake kule haina hata kiti," ananiambia. "Angalau hii aliijenga kwa mkono wake. Ikae nyumbani." Shemeji naye anasema, "Shemeji, mkikata hapo ukutani treni itakuwa inaelekea wapi? Kila siku igonge ukuta irudi?" Wote wawili wamekubaliana jambo moja tu, kwamba niamue mimi, kwa sababu si ndugu na kwa sababu najua kupatana. Lakini hakuna bei hapa ya kupunguza. Mmoja anayempenda anataka Kisegi, na mwingine anayempenda anataka treni ifike. Msumeno nimeshauazima kwa seremala. Anayejua afanyeje mtu katika hali hii na aniandikie kwa anwani ya gazeti kabla mwezi haujaisha: nikate, au nimlipe mwenye nyumba kodi ya handaki?