Sahihi ya Silvère

Kila asubuhi, kabla hajatandika turubai lake kando ya barabara pale mtaani Gitega, Kabagwira alipanga mawe manne, moja kila pembe ya nafasi yake, akalikanyaga kila moja kwa kisigino mara tatu. Jirani yake Nyirarukundo, muuza parachichi, alikuwa na tabia ya kusogea. Ukimwachia unyayo leo, kesho amekukalia mapajani.

"Unazika nini hapo, dada?" Nyirarukundo humtania.

"Tamaa yako."

Kabagwira alishona magauni meupe ya mabinti wa komunyo ya kwanza kanisani. Tangu vita vianze kaskazini Oktoba iliyopita, wateja wake wa huko Byumba walikatika, na magauni yakalala sandukuni hadi yakaanza kugeuka manjano. Aliposikia kwamba vibanda vinagawiwa kwa maonyesho ya biashara ya Agosti, ambako watu wangekuja kutoka kila upande wa nchi, alimwita Kaliza, binti wa kaka yake, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu cha Butare. Kaliza akaandika barua ya maombi kwa Kifaransa safi. Kabagwira akakaa foleni siku mbili mbele ya ofisi ya vibanda.

Karani aliisoma, akausifu mwandiko. Kisha akauliza, "Mama, bwana yako iko wapi?"

"Nyabugogo."

"Asaini hapa chini. Mwanamke mwenye mume hafanyi biashara bila ruhusa ya mume. Ni sheria."

"Aliniacha, huu mwaka wa saba. Ana mke mwingine na watoto watatu."

"Mliachana mahakamani?"

"Hapana."

"Basi ni bwana yako. Au amekufa?"

"Angekufa ningekuambia."

Karani akacheka. "Ungekuwa mjane, mama, leo ungeondoka na namba ya kibanda."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kabagwira alikunja karatasi yake, masikio yakimwaka moto. Miaka saba alilisha nyumba peke yake. Hata mama mzazi wa Silvère, mume huyo, alimuuguza yeye, akamzika yeye, na siku ile hakuna aliyemdai ruhusa ya mtu.

Alimkuta Silvère kwenye stendi ya mabasi ya Nyabugogo akiita abiria wa Gitarama, sauti imemkauka. Silvère aliisikiliza habari yote, akatabasamu.

"Nitasaini. Lakini ile cherehani iletwe kwangu. Mke wangu naye anataka kushona."

"Cherehani niliyoinunua mwenyewe?"

"Uliinunua ukiwa mke wa nani?"

"Nikupe cherehani ili nipate kibanda! Kibandani nitauza nini, meno yangu?"

Wapagazi waliokuwa karibu wakapiga makofi. Silvère aliona aibu, na aibu ikamfanya mkaidi. Akageuka kuendelea kuita abiria wake, kana kwamba pale pamesimama nguzo.

Kabagwira alirudi Gitega kwa miguu, maana kukaa kwenye kiti cha basi na hasira ile asingeweza. Nyirarukundo alipomwona akampa parachichi bila kuombwa, akaisikiliza habari yote.

"Kwani sahihi yake huijui? Duara na mkia. Hata kuku anaichora."

Kabagwira alichukua kalamu ya Kaliza, aliyekuwa ameketi pembeni. Aliijua vizuri mno. Ilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye vyeti vya ubatizo vya watoto wao. Ncha ya kalamu iligusa karatasi, ikaacha nukta moja ya wino. Akaifunga kalamu, akairudisha kwa Kaliza. Ijumaa, siku ya mwisho, ikapita, na maombi yakafungwa.

Siku ya kwanza ya maonyesho, lango lilipofunguliwa, Kabagwira alikuwa tayari nje ya ua wa maonyesho, mawe manne yamekanyagwa, magauni yananing'inia kwenye waya kama watoto kwenye maandamano ya Ekaristi. Askari wa lango akaja mbio.

"Mama, toka! Hapa hairuhusiwi!"

"Mimi ni mke wa mtu. Siwezi kuondoka bila ruhusa ya mume wangu. Nenda Nyabugogo ukamwombe."

Mama mmoja kutoka Ruhengeri alikuwa ameshaanza kumpima binti yake gauni, akamwambia askari asimzibie mwanga.

Kaliza alikuwa akishika pini. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Shangazi, kwa nini hukuichora tu ile sahihi?"

Kabagwira alitoa pini mdomoni.

"Ningeichora, ningekuwa nimekubali kwamba inatakiwa."