Beti Tano Zilizokatwa

Mimi ni mgonjwa wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo, na najiona najua kuliko daktari. Mchezo wa zamani ukirudishwa jukwaani, naenda nikiwa nimeshanuna. Ukigeuzwa filamu, nanuna mara mbili.

Sasa fikiria walipouchukua mchezo wangu. Nasema wangu kwa sababu zamani, kanisani kwetu Bungoma, mimi ndiye niliyeigiza mjane. Wimbo wake una beti sita. Nilipofika ubeti wa pili, mama alipanda jukwaani akanifunika leso mabegani, na kwetu ukituzwa hivyo unaanza upya. Niliimba mpaka marehemu mume wangu akakohoa kwenye jeneza.

Mwaka jana mpwa wangu wa Kitale aliugeuza filamu. Wimbo wa mjane akaubakisha ubeti mmoja. Nilipomuuliza, akaniita senge, yaani shangazi kwa lugha yetu:

"Senge, hiyo wimbo ni refu, bana. Kwa filamu watu wataboeka."

"Ati wataboeka? Mtu amefiwa, wewe unampa dakika moja?"

Nilitania, lakini iliniuma. Mama hayupo tena, na nikiimba zile beti ndipo humwona akipanda jukwaani.

Siku ya kuonyesha, baada ya ibada ya Jumapili, waliangika mablanketi madirishani na shuka jeupe ukutani. Nilikaa mbele, leso ya mama mkobani, nikitafuta makosa. Sikuyakosa. Mjane alikuwa na kucha za kubandika! Kisha yule binti aliyemwigiza akaimba, na jamani, aliimba. Nikajikuta nimesimama, namfunika leso mabegani, pale pale kwenye shuka. Kivuli changu kikameza picha yote.

Vigelegele vikalipuka. "Aanze upya!" watu wakadai, na mpwa wangu akairudisha filamu nyuma. Ubeti ukaisha, onyesho la harusi likaingia.

"Aii! Si amalize kwanza!" watu wakalalamika.

Mpwa wangu akasimamisha picha. Ndipo binti mwenyewe, aliyekuwa ameketi nyuma, akasimama na kuanza ubeti wa pili. Kumbe alikuwa amejifunza zote sita kabla hazijakatwa. Nilimfuata huku nalia, nikamfunika leso ya mama, safari hii kwenye mabega yenye joto. Naye, mtoto mwenye adabu, akaanza upya kutoka wa kwanza.

Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa ameinua simu, anarekodi. Hakuishusha mpaka ubeti wa sita ukaisha.