Hakuna Neno Lililopunguzwa

Miaka ile ya mihadhara, ustadhi na mchungaji walipokuwa wakibishana uwanjani Tunduma kitabu cha nani kimechezewa na watu, wote wawili walipeleka vipeperushi vyao kwa mama mmoja, mpiga chapa mwenye kibanda jirani na mpaka. Vidole vyake havikuishiwa weusi wa kaboni. Hakupiga aya yoyote mpaka aletewe kitabu chenyewe. Alilaza rula chini ya mstari, akasoma polepole kwa lafudhi yake ya Kinyiha, akapiga, kisha akarudia kusoma neno kwa neno. Kosa likiwa moja tu, karatasi nzima ilikwenda kuwashia jiko.

Siku moja mchungaji alileta kipeperushi chenye kichwa "Hakuna Neno Lililopunguzwa katika Biblia". Walipofika aya ya tatu ya Biblia iliyonukuliwa humo, mchungaji akaweka kidole katikati yake. "Mama, ishia hapa. Hiyo nusu nyingine itawapa wale la kusema."

Rula haikusogea. Mama alikuwa muumini wake, benchi la pili kila Jumapili, na maneno ya ustadhi kwamba Biblia imekatwa yalikuwa yamemkosesha raha mwezi mzima.

"Ustadhi naye aliniomba hivyo hivyo juzi," akasema. "Nikamrudishia karatasi zake."

"Mimi ni mchungaji wako."

"Ndiyo, baba mchungaji. Sasa nikikata mimi hapa, mbele yako, Jumapili nitaaminije kwamba wale wa zamani walioinakili Biblia hawakukata?"

Akashusha rula mstari mmoja, akaipiga nusu iliyobaki.