Mzaha Uliomponyoka Elpidio

Elpidio Brazobán hakujua kukaa. Hata redioni alitangaza amesimama, akizunguka kibanda chetu kama kuku anayetafuta pa kutagia, nami nikiinamisha kichwa waya wa kipaza sauti chake usinikabe. Mimi ndiye niliyesimulia mchezo. Yeye, mchezaji mstaafu wa besiboli, kazi yake ilikuwa kuwachekesha watu wa mji wetu wa San Pedro, na aliwachekesha kwa kujicheka mwenyewe.

"Fermín," angeniambia hewani, "kule Marekani, ligi kubwa, nilidumu siku kumi na moja. Naondoka, nguo nilizompa dobi bado mbichi."

Au: "Mimi nilikuwa mdakaji mbovu, jamani! Wakimbiaji walikuwa wananiaga kabisa kabla ya kuchomoka kuniibia kituo kinachofuata."

Ikawa hivyo miaka kumi na minne. Kisha Jumapili moja ya Desemba, Wilkin Tavárez, kijana wetu aliyelinda kituo cha pili uwanjani, akadondosha mpira mwepesi, tukafungwa. Ulimi ukamteleza Elpidio: "Huyu leo kanawia mafuta ya kukaangia ndizi!"

Watu huja uwanjani na redio masikioni. Kufikia Jumanne, Wilkin akijitokeza tu, majukwaa yanaimba: "Mafuta! Mafuta!" Akadondosha wa pili, akadondosha wa tatu.

Jumatano, kabla ya mchezo, mama yake alipanda ngazi hadi kibandani, bado kafunga aproni ya jikoni. Doña Mireya hakusalimia.

"Brazobán, ulipokuwa unajicheka mwenyewe, nyumba nzima tulicheka. Mwanangu nani kakupa umcheke?"

"Doña, ulikuwa utani tu."

"Utani! Tangu Jumapili chakula hakigusi. Haya, mtanie tena, ale."

Akashuka. Elpidio akavua kofia, akaivaa, akafungua dirisha, akalifunga.

"Niombe radhi hewani, Fermín?"

"Omba."

"Watacheka. Mimi hata nikitangaza nimefiwa, watacheka."

Mlango ukagonga ukuta, katoka. Nilipomwona tena alikuwa chini uwanjani na viatu vyake vya ngozi, glavu ya kuazima mkononi, kasimama mahali pa Wilkin, anampigia kelele kocha ampigie mipira. Wa kwanza ulimpita katikati ya miguu. Wa pili ulimgonga kifua. Wa tatu ulimpata kidevuni, akaketi vumbini, mzee wa miaka hamsini na tisa.

Majukwaa yakalipuka: "Mafuta! Mafuta!"

"Ndiyo mimi!" akajibu, mkono juu. "Jina langu hilo! Nani alimpa mtu mwingine?"

Wilkin, aliyekuwa kajiinamia benchini, akaenda kumwinua. Walichosemezana sikukisikia. Nilimwona tu kijana akimfuta damu kwa mkono wa jezi yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Siku hiyo Wilkin hakudondosha kitu. Jumamosi alidondosha mmoja. Nikamgeukia Elpidio, kashonwa nyuzi nne kidevuni, nikamwona anafungua kinywa, kisha anakifunga.

"Mpira umedondoka," akasema. "Endelea, Fermín."

Tangu hapo, kila mzaha uliomhusu mtu mwingine, alifunika kipaza sauti kwanza na kuninong'oneza: "Huu utamuuma nani?" Tukiwa bado tunapima, mpira mwingine umesharushwa. Wasikilizaji wakaanza kulalamika kwamba Brazobán kazeeka, siku hizi anachelewa kusema. Barua zao alizisoma zote, moja baada ya nyingine, wala hakujitetea.