Mshenga wa Lusail

Uwanja wa kwanza ulikuwa dakika saba kutoka mlangoni kwetu. Hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloniudhi mpaka leo. Al Wukair, mtaa wa kusini mwa Doha, Qatar, tuliokuwa tukiishi miaka ile ya 2010, ulikuwa nusu nyumba nusu vumbi, na katika nusu ya vumbi kulikuwa na kiwanja cha nyasi bandia kilichozungushiwa uzio. Binti yangu angeweza kwenda pale kwa miguu, fimbo begani, akarudi kabla chai haijapoa. Badala yake, kila Ijumaa asubuhi kwa karibu miaka miwili, tulivuka Doha nzima kwenda Lusail, mji uliokuwa bado unajengwa, ambako barabara tuliyopita wiki moja tuliikuta imefungwa wiki iliyofuata. Mume wangu alikuwa dereva kwa kazi na kwa moyo, na hata yeye alikuwa akipotea.

Mchezo wenyewe unaitwa lakrosi. Kama hujauona, ni hivi: wasichana kumi na wawili kila upande, kila mmoja ana fimbo yenye kikapu cha wavu kwenye ncha, wanarushiana mpira mdogo mgumu na kukimbia nao kama walioiba kitu sokoni, mpaka mmoja autie golini. Mimi nilikuwa msaidizi wa maktaba katika shule moja ya kimataifa, na kwa ajili ya kazi hiyo binti yangu alipata nafasi ya kusoma pale. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja mwalimu wa michezo alimwona anavyokimbia, akampa fimbo. Kwetu Tanga mtoto wa kike akishika fimbo ndefu ni ya kuangulia mapera. Nilidhani atacheza mwezi mmoja, atachoka.

Hakuchoka. Alipofika miaka kumi na mitano walimu wakaanza kuniambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba vyuo vikuu vya Marekani huwachukua wasichana wanaocheza vizuri na kuwasaidia kusoma. Binti yangu alitaka kusomea uhandisi wa maji. Alikuwa akizungumza habari za mabomba na mitambo ya kuondoa chumvi baharini mpaka wali unapoa mbele yake. Sisi tusingeweza kumsomesha kule hata tungefunga mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja tu: chuo kimoja kimtake, atasoma anachokitaka. Kisipomtaka, atarudi nyumbani na kusoma chochote kitakachopatikana. Yeye aliijua hesabu hiyo kuliko sisi.

Ili chuo kimwone, tuliambiwa, lazima awe kwenye klabu ya ushindani, siyo timu ya shule tu. Klabu zilikuwa mbili. Ile ya Al Wukair ilikuwa na wasichana kumi na watatu, yaani mmoja tu wa akiba, na kocha wake alikuwa mwalimu wa sayansi pale shuleni kwetu, mama mmoja wa Kikanada aliyevaa kofia ileile miaka yote. Ile ya Lusail ilikuwa na wasichana zaidi ya ishirini, sare za rangi mbili, mabegi yenye nembo, na kocha mwanamume aliyeongea kama mtu anayeuza viwanja.

Sasa mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema, nalisema hili mapema maana nitamsema sana. Alikuwa dereva na msimamizi wa madereva katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, na alizoea kumpima mtu kwa kumtazama anavyofunga mlango wa gari. Alisema hatuwezi kumkabidhi mtoto wa kike kwa watu tusiowajua, akavaa kanzu yake ya Idi na kofia ya kufuma, akanichukua mimi na binti yetu, tukaenda kuwatazama makocha wote wawili. Alikwenda kama anayekwenda kuwapeleleza wakwe. Aliwauliza wazazi wao wako wapi. Aliwauliza kama wameoa, kama wameolewa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikatulia na mkoba wangu magotini.

Mama wa Kikanada alijibu yote kwa utulivu. Kisha mume wangu akamuuliza swali lililokuwa ndilo hasa: nani atakayezungumza na vyuo kwa niaba ya binti yetu? Yule mama akasema hakuna atakayezungumza kwa niaba yake. Wasichana wake huwaandikia makocha wa vyuo wao wenyewe, wanajitambulisha, wanatuma video za mechi, wanaandika tena. Yeye huwasahihishia tu barua zikiwa na makosa, na akiulizwa atawasemea ukweli.

Mume wangu alimshukuru sana. Tulipofika kwenye gari alikuwa amekasirika mpaka funguo zikamwanguka.

Kocha wa Lusail, kwa upande wake, aliweka mkono kifuani na kusema tusiwe na wasiwasi, anafahamiana na makocha wa vyuo kule, yeye ndiye atakayezungumza nao, kazi ya mtoto ni kucheza tu na ya wazazi ni kutulia. Nilimwona mume wangu akilainika pale pale. Nami nililainika, sitajitia usafi. Posa yangu ililetwa na mshenga, mzee mwenye ulimi mtamu aliyewasifia wakwe zangu mpaka baba yangu akacheka. Mume wangu siku hiyo hakufungua mdomo, na kutofungua mdomo kwake ndiko kulikowafurahisha wazazi wangu. Ndivyo tulivyolelewa: jambo kubwa lina mtu wa kulisemea, na anayejisemea mwenyewe ana lake. Kwa hiyo tulipomsikia yule kocha tuliona tumempata mshenga.

"Khalas, yamekwisha, mama watoto," mume wangu alisema tukiwa njiani. "Huyu anajua adabu. Yule mwingine anataka mtoto akagonge milango ya watu peke yake kama ombaomba."

Binti yetu alikuwa kiti cha nyuma. Aliuliza kama anaweza kuandika barua mojamoja hata hivyo, taratibu, kusaidia. Baba yake akamwambia msichana hajipeleki, hupelekwa. Akasema, "Sawa, baba." Nilimsikia akisema sawa, na nilijisifu moyoni kwa malezi mema. Mungu anisamehe.

Basi tukaanza safari za Lusail. Sitaki kuzieleza zote maana nitapandwa na presha. Kundi la simu la wazazi lilikuwa halilali: leteni maji, msilete maji, rangi ya soksi imebadilika, nani ameona miwani ya kukinga macho ya mwanangu. Akina mama walikuja na viti vya kukunja vyenye mahali pa kuwekea kikombe. Nilikaa juu ya ndoo ya mipira mpaka kocha alipokuja kuitaka. Na binti yangu, aliyekuwa akicheza mechi nzima shuleni, sasa alikuwa akikaa benchi mpaka mapaja yanakufa ganzi, anaingizwa dakika kumi za mwisho, anatoka. Kila nilipomuuliza kocha alikuwa akiweka mkono kifuani. Nikaanza kuuchukia ule mkono.

Majira ya joto timu ikaenda Marekani kwenye mashindano ambayo makocha wa vyuo hukaa kando ya viwanja na daftari zao. Nauli ilitoka kwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga Tanga; ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha, ikabaki kwenye linta, popo wakahamia. Alicheza dakika zake kumi kumi. Lakini siku moja msichana wa mbele aliteguka kifundo cha mguu mechi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na binti yangu akacheza mpaka mwisho. Alinipigia simu usiku wa kule, asubuhi ya kwetu, akaniambia amefunga manne. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini siku hiyo alinisimulia bao la tatu mara mbili. Nilikuwa maktaba, nikaenda kujificha nyuma ya rafu za jiografia nikalia kidogo kwa furaha.

Akarudi, tukaanza kusubiri. Tulisubiri kama wanaosubiri jibu la posa, kwa heshima, bila kuuliza uliza. Septemba ikapita, Oktoba, Novemba. Mwaka mpya ukaingia. Mume wangu alimpigia kocha, kocha akasema ametuma orodha ya timu nzima kwa vyuo vingi na amemtaja vizuri. Mume wangu akaridhika. Alisema mshenga hasukumwi.

Siku moja ya Machi, pale uwanjani, mama mmoja wa Kimarekani alinipisha nikae kwenye kiti chake cha ziada. Alikuwa mwema. Akaniuliza binti yangu ameandikia vyuo vingapi. Nikamjibu, tena nikiwa nimeinua shingo, kwamba hajaandikia hata kimoja, sisi hatumruhusu, kocha anashughulikia. Alisogeza kiti chake karibu nami. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba wake ameandika barua arobaini, na kwamba wasichana wote pale wameandika, tangu miaka miwili nyuma. Kocha wa chuo, akasema, hubanwa na kanuni asimfuate mtoto mapema. Hukaa akisubiri mtoto ndiye amfuate. Mtoto asipoandika, kocha huchukulia kwamba hana haja naye.

Nilimtazama binti yangu kule benchi, amenyoosha mgongo, mikono juu ya fimbo, anasubiri kuitwa.

Jumatatu nilimfuata mama wa Kikanada kwenye chumba chake cha sayansi. Nilitegemea anisute kidogo, na ningestahili. Hakunisuta. Aliniambia ni kweli yote, na kwamba muda umekwenda lakini haujaisha wote. Akaniuliza kama binti ameshaandika chochote. Nikasema hapana. Akatabasamu na kusema nimuulize mwenyewe.

Nilimuuliza jioni hiyo. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha. Barua ishirini na sita, zote zimeandikwa, zote zimehifadhiwa, hakuna hata moja iliyotumwa. Ya kwanza aliiandika wiki ileile tuliyokwenda kumtazama kocha wa Lusail. Nilimuuliza kwa nini hakutuma, si tusingejua? Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu.

"Baba alikataa," alisema.

Sitasahau. Nilikuwa nimemlea vizuri mpaka nimemharibia.

Mume wangu nilimweka kitako Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nilisema mengi ambayo sikuwahi kumwambia katika miaka ishirini ya ndoa, mengine hayakuhusu lakrosi. Alijitetea. Alisema kocha ana wasichana ishirini wa kuwasemea, atawasahau vipi. Nikamwambia ndiyo hivyo, mshenga wa ishirini si mshenga wa mtu. Akazungusha kikombe kitupu. Kisha akamwita binti yake, akamwambia atume.

Akatuma zote ishirini na sita alasiri ileile. Majibu yalianza kuja baada ya siku mbili, mengi ya adabu na mafupi: ahsante, nafasi zimejaa, tunakutakia heri. Mume wangu aliyasoma kila moja, akiinua simu mbali na macho. Alhamisi likaja moja refu kidogo. Lilitoka kwenye chuo alichokiweka binti yangu juu ya orodha yake, chenye ile idara ya maji aliyoiimba tangu utoto. Alikuwa mezani, sisi tuko kwenye kochi. Akatusomea, akitafsiri polepole.

Kocha wa chuo hicho aliandika kwamba anamkumbuka. Namba kumi na saba, mabao manne, la tatu kwa mkono wa kushoto. Alisema alimwandika kwenye daftari lake siku ileile na kumzungushia mstari. Alisema alisubiri barua yake mpaka mwisho wa Novemba, na ilipokosekana akadhani ameshachagua pengine, akampa nafasi msichana mwingine. Alisema anasikitika, kwa dhati.

Binti yangu hakulia. Mume wangu ndiye aliyevua kofia yake na kuiweka gotini.

"Alisubiri?" aliuliza.

"Alisubiri, baba."

Nilikuwa na maneno tayari, yamejaa mdomoni, nikayameza. Hayakuwa na faida, na nusu yake yalikuwa yangu mwenyewe. Binti yangu akasema vyuo tisa havijajibu bado, na viko vingine vidogo ambavyo hakuviandikia, ambavyo mama wa Kikanada amempa majina. Kisha akageuza kiti atutazame sisi wawili, mikono mapajani, mtoto wetu mwenye adabu, akauliza kama anaweza kuviandikia hivyo sasa.

"Mwanangu," baba yake alianza, "kuanzia leo usituombe ruhusa ya..."

Lakini alikuwa ameshatupa mgongo, na vidole vilikuwa vimeshaanza kugonga.