Sabuni Nzito ya Jirani Yamkosesha Joska Usingizi

Saa moja asubuhi, nyundo za mafundi vyuma wa mtaa wa Katwe zimekwisha kuanza kelele. Joska Ayaa anakoroga sabuni ya maji katika pipa la plastiki, akizungusha mwiko upande mmoja tu. Mikono iko kazini, lakini macho yako ng'ambo ya uchochoro, kwa jirani yake Husnah.

"Mimi namuonea wivu, sikufichi," anasema. "Sabuni yake iko inavutika. Yangu ilikuwa inakimbia tu kama maji."

Biashara hii hupimwa kwa macho. Mteja huipindua chupa kichwa chini, akatazama kiputo cha hewa kikipanda. Kikiruka juu mara moja, huirudisha chupa na kwenda zake. Viputo vya Husnah hupanda kivivu kama mtu aliyeshiba matoke, na wateja hutoa pesa bila maneno.

Joska, mke wa polisi kutoka Gulu, ndiye aliyetangulia kuuza sabuni hapo. Husnah alimkuta, na wateja wakahama mmoja mmoja. Dumu la lita ishirini humwachia Joska faida ya shilingi elfu nane, na kuna siku hauzi hata moja. Kinachomuuma zaidi, Husnah humsalimia kila asubuhi kwa uso mkunjufu.

Mwezi uliopita Rashidah, mwenye mkahawa wa wanafunzi Wandegeya, aliwaambia wote wawili kwamba anataka muuzaji mmoja wa kudumu. Kila mmoja apeleke dumu lake, yeye atachagua. Joska akaapa kumpiku jirani.

Chumvi ndiyo huifanya sabuni ishikane, hilo alilijua. Akatia, ikawa nzito. Kijicho kikamwambia bado haijafikia ya Husnah, akaongeza, kisha akaongeza tena. Ghafla pipa zima likalegea, sabuni ikawa nyepesi kuliko alivyoianza.

Hapo maji yalizidi unga. Mtaji wote alikuwa ameumaliza kwa wauza malighafi wa soko la Kikuubo. Akajikaza kisabuni, akavuka uchochoro.

"Mama Onen, chumvi iko na kipimo chake," Husnah alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ukipita pale, inaachilia. Leta ndoo."

Akamchotea sabuni yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaitia chumvi. Joska akaichanganya na ile iliyoharibika, na kadiri chumvi ilivyogawanyika, sabuni ikashikana upya. Wote wawili wakapeleka madumu Wandegeya. Rashidah akajaza chupa kutoka kila dumu, akazipindua. Kiputo cha Joska kikapanda kivivu zaidi, akamchagua yeye.

Husnah alikuwa wa kwanza kumpongeza.

"Angenitukana, ningelala vizuri," Joska anasema, akifuta mwiko kwa kitambaa. "Sasa hata kwa wema amenishinda."

Anakusudia kununua pipa la pili kabla ya muhula mpya wa chuo. Akiulizwa kama ana tumaini jingine, anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka.

"Natamani siku moja sabuni yake iharibike, avuke aje kwangu. Nitamsaidia, kweli kabisa. Lakini kwanza nitamwacha asimame pale mlangoni kidogo."